Ni Nani Aliyemwita Zimwi?

Kijana msomaji, wako watu wasemao kwamba hadithi za mazimwi ni za watoto wadogo, na kwamba mwanafunzi wa sekondari azisomaye apoteza wakati wake. Hao siwajibu leo. Nataka kushindana na kundi jingine: wale wazisomao na kuzisifu, kisha wakafumba macho penye fundisho lililo gumu.

Twaa kitabu cha J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, kilichotolewa kwa juzuu tatu katika miaka ya 1954 na 1955. Mwandishi huyu alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892; alipigana katika vita vya Somme mwaka 1916; baadaye akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford. Kitabu chake chasimulia habari za wasafiri tisa waliotumwa kwenda kuiteketeza pete ya uovu katika mlima wa moto. Miongoni mwao alikuwamo Legolas, wa jamii ya watu wa misituni wasiokufa kwa uzee, na Gimli, wa jamii ya watu wafupi wachimbao madini chini ya milima. Jamii hizi mbili zilichukiana tangu zamani. Babaye Legolas aliwahi kumtia gerezani babaye Gimli. Walipoingia msitu wa Lórien, walinzi walitaka Gimli peke yake afungwe kitambaa machoni, kwa kosa la kuzaliwa alivyozaliwa. Gimli alikataa, akashika shoka lake. Ndipo Aragorn, kiongozi wao, alipoamua kwamba wote wafungwe, na Legolas pia. Legolas alikasirika, lakini siku ile alionja uchungu wa kushukiwa bila kosa. Kutoka katika msitu ule wawili hawa wakawa marafiki wasioachana.

Wengi wenye kukisifu kitabu hukomea hapo na kupiga makofi. Mimi nakusihi uendelee kufungua kurasa. Katika vita vya Helm's Deep marafiki hao walishindana kuhesabu Orki waliowaua: Legolas 41, Gimli 42. Kwao ulikuwa mchezo. Waliochukiana jana wameungana leo. Lakini je, chuki imekufa, au imehama nyumba tu? Urafiki uliojengwa juu ya adui mmoja ni nusu ya wema.

Utanijibu kwamba Orki ni mazimwi kweli, na kitabu chenyewe chasema hivyo. Hapana shaka Orki walifanya maovu makubwa, na waliozingirwa ngomeni walikuwa na haki ya kujitetea. Sikatai. Walakini kitabu hicho hicho chatusikilizisha Orki wawili, Gorbag na Shagrat, wakizungumza. Wamechoka kutumwa na wakubwa. Watamani kutoroka na wenzao wachache wakaishi pasipo bwana. Kiumbe achokaye na utumwa si jiwe. Tena Sam, mtunza bustani, alipoona askari wa kusini ameanguka maiti mbele yake, alijiuliza kama mtu yule alikuwa mwovu moyoni, au alidanganywa na kutishwa hata akaacha kwao. Swali lile lina uzito kuliko ile hesabu ya 42.

Soma pia habari za Ghân-buri-Ghân, mkuu wa watu wa porini waliokuwa wakiwindwa kama wanyama. Yeye ndiye aliyewaonyesha wapanda farasi wa Rohan njia iliyosahauliwa, wakawahi kuuokoa mji wa Minas Tirith. Alichoomba ni kwamba watu wake wasiwindwe tena. Na bila Gollum, aliyestahili kifo machoni pa wengi, pete isingaliangamia, maana Frodo mwenyewe alishindwa kuitupa. Waliodharauliwa walitimiza yale yaliyowashinda mashujaa.

Usidhani kwamba jambo hili ni la vitabuni tu. Nchini Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende kabla ya kuchinjwa. Katika Kenya, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliitwa madoadoa. Na doa hufutwa. Jina lilitangulia, panga likafuata. Mtu hamchomei jirani nyumba hali angali akimwita jirani. Kwanza humtafutia jina jingine.

Basi nakushitaki wewe, msomaji, nami ni mshitakiwa mwenzako. Bwenini mwenu na darasani mwenu, ni nani mliyempa jina la mnyama kwa sababu ya lugha ya mamaye? Mna marafiki wa makabila mengi, nanyi mwajisifu. Vema. Lakini mnapocheka pamoja, mwamcheka nani?

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walisema habari za zimwi likujualo. Mimi nakuuliza habari za yule usiyemjua. Mwendee. Muulize jina lake, lile alilopewa kwao. Ukisha kulijua, jaribu kumwita zimwi tena. Ulimi wako mwenyewe utakataa.