Diski ya mashine pepe inanenepa, haikondi

Jamani, nimefuta GB 20 ndani ya Ubuntu yangu ya VirtualBox, laptopu haikurudishiwa hata baiti moja! Faili la VDI hukua lenyewe ila halipungui. Ukifuta, Ubuntu huandika tu kwamba nafasi iko wazi. Data ya zamani inabaki palepale, na VirtualBox haijui kuwa ni takataka.

Dawa ni kujaza sifuri kwa zerofree (diski iwe imefungwa kwa kusoma tu), kuzima mashine, halafu:

VBoxManage modifymedium disk ubuntu.vdi --compact

Nilipata GB 18. Lakini mbona nifagie kwa mkono? Chaguo la --discard on lipo, linaweza kurudisha nafasi kila Ubuntu inapofanya trim, ila huja limezimwa. Kwangu mimi lingekuja limewashwa. Nilikuwa karibu kununua diski nyingine bure.