Andika wapi, andika lini

Ndugu zangu wa kambini na wa mijini, nasema jambo litakalowakasirisha baadhi yenu: picha tunazotumiana kila asubuhi kuhusu Kongo, nyingi hazitusaidii. Zinatumaliza. Sisemi mateso yetu yafichwe. Nasema picha isiyo na mahali, isiyo na tarehe na isiyojulikana nani aliipiga si ushahidi. Ni kelele yenye rangi.

Mnajua namna inavyokuwa. Simu inalia kabla uji haujachemka. Ni kundi la WhatsApp la ukoo, au la kanisa, au la vijana wa kwetu. Shimo kubwa jekundu, watu mamia wamejaa kama siafu, magunia mgongoni. Chini imeandikwa: "Hii njo Kongo yetu, banatuua juu ya kobalti, tuma kwa bantu kumi." Watu wanatuma. Kesho yake picha ile ile inarudi kupitia kwa shangazi aliye Nairobi, na sasa shimo liko Masisi. Keshokutwa inatoka kwa binamu aliye Kanada, na sasa ni Ituri, na si kobalti tena, ni dhahabu. Shimo moja limezunguka nchi nzima kwa siku tatu, na hakuna aliyeuliza liko wapi hasa.

Mimi nauliza. Kobalti ya Kongo inachimbwa kusini, Lualaba na Haut-Katanga, mikoa iliyokuwa sehemu ya Katanga mpaka 2015. Ni Kolwezi, ni Fungurume, ni Likasi. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu, na karibu yote ni ya huko. Lakini sisi tulio hapa Nakivale, wengi tumetoka Kivu. Kutoka Kolwezi mpaka Goma ni zaidi ya kilomita 1,000. Madini ya Rubaya, pale Masisi, ni koltani. Ndani yake mna tantalamu, inayotengenezewa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya koltani ya pale inakadiriwa kulipa kundi hilo dola 300,000 kila mwezi.

Kolwezi nako kuna uchungu wake: watoto wanaookota na kuosha mawe, mashimo yanayoporomokea watu, familia zinazohamishwa ili mgodi upanuke. Lakini mkosaji wa kule si yule wa Rubaya. Kule unauliza kampuni, vibali, wanunuzi na serikali ya mkoa. Huku unauliza bunduki, mipaka, na nani anavusha magunia usiku. Ukiyachanganya yote ukayaita "Kongo", unawasaidia wakosaji wote wawili. Kila mmoja anamnyoshea mwenzake kidole, na wewe unabaki katikati na shimo lako lisilo na jina.

Katika vurugu hiyo imezaliwa hoja mpya, na hii ndiyo inayonikera zaidi. Eti sola ni damu ya Wakongo. Eti nishati safi yote ni wizi, na mkimbizi mwenye paneli juu ya paa anawala ndugu zake. Nimemsikia kijana mmoja akiihubiri mbele ya kibanda cha kuchaji simu, watu wamemzunguka, ba mama wanatikisa kichwa. Basi tuitazame hiyo sola yenyewe. Paneli ni kioo, ni fremu ya alumini, ni nyaya, na katikati kuna silikoni, ambayo asili yake ni jiwe la kwazi. Hamna kobalti humo. Betri iliyo chini ya kitanda je? Nyingi za huku ni zile za risasi na asidi, kama za gari. Hamna kobalti. Zile mpya na nyepesi, nyingi ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, aina ile ile inayowekwa katika magari mengi ya umeme ya China. Nazo hazina kobalti.

Kobalti iko wapi basi? Iko ndani ya betri ya simu aliyoshika yule kijana wakati anahubiri. Haiko juu ya paa lako, iko mfukoni mwako.

Sisemi nishati safi ni safi yote. Yako magari ya umeme ambayo betri zake zina kobalti, na wanaoyatengeneza wanapaswa kuulizwa jiwe lilitoka shimo gani, likapitia mikono ya nani. Waulizwe mpaka wachoke. Lakini kumwambia mama wa kambini aone haya kwa sababu ya taa yake moja ya sola, arudi kwenye kibatari, mtoto asome katika moshi, hilo halimwokoi mchimbaji hata mmoja. Ni kumpiga aliye karibu kwa sababu aliye mbali hafikiki.

Mtaniambia: picha ndiyo silaha pekee ya mnyonge, wewe unataka kutunyang'anya. Hapana. Nataka muinoe.

Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza aliyeitwa Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja. Baba yule amekaa barazani, anatazama mkono na mguu mdogo uliolala mbele yake. Ndivyo vilivyobaki vya binti yake. Kwa nini picha ile inajulikana mpaka leo? Si kwa sababu inatisha tu. Ni kwa sababu tunajua baba yule ni Nsala, mtu wa Wala. Binti ni Boali. Waliomuua walikuwa walinzi wa kampuni ya mpira, ABIR. Jina lipo, mahali papo, mwaka upo, mkosaji yupo. Wakati ule watetezi wa Mfalme Leopold walikuwa wepesi wa kusema yote ni uongo. Lakini picha kama hizi zilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, na mwaka huo huo ikatoka ripoti ya konseli Roger Casement iliyokusanya maneno ya watu kijiji kwa kijiji. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo. Akaichukua Ubelgiji, na hilo halikuwa uhuru. Wala si picha peke yake iliyomtoa. Lakini ingekuwa imeandikwa "Afrika inalia, tuma kwa watu kumi", ingemfanya nini?

Na msisahau mpira ule ulitakiwa kwa nini. Ulikuwa wa matairi ya baiskeli na ya magari, teknolojia mpya ya siku zile. Hatujaanza leo kuwa shimo la maendeleo ya wengine. Ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kuwa wavivu katika kutoa ushahidi.

Sasa linganisheni na yale ya juzi. Mei 2024 picha ya hema zilizopangwa vizuri mno, na maneno yanayotaka macho yote yaelekee Rafah, ilisambazwa na watu zaidi ya milioni 40 kwenye Instagram. Ilitengenezwa kwa akili bandia. Milima iliyoonekana nyuma haiko Rafah. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake ambaye jina lake lingeulizwa. Sisi tunaoishi katika hema na nyumba za matope tunajua kambi haina mistari iliyonyooka vile. Watu walituma wakajisikia wamefanya kitu, kisha wakapandisha picha ya chakula cha mchana. Na sisi tukaiga. Siku hizi watoto wa Goma wanaolia kwenye simu zetu, wengine hawakuzaliwa na mwanamke. Wamechorwa na mashine. Ni kama watoto wa kweli wa Goma hawatoshi.

Wapo wasanii wageni wanaokuja kambini na kamera nzuri. Wanatupanga kwenye mwanga wa jioni, wanakwenda zao, na picha inatundikwa ukutani katika jumba la maonyesho: "Mkimbizi, Afrika Mashariki." Tunakasirika, na tuna haki. Tunasema wamemwondolea mtu jina lake. Lakini hebu tuwe wakweli: "Hii njo Kongo yetu" bila mahali wala tarehe, ina tofauti gani na "Mkimbizi, Afrika Mashariki"? Kosa ni lile lile. Tofauti ni kwamba mgeni analipwa, sisi tunakatwa data.

Njia nyingine ipo, na imetoka kwetu. Sammy Baloji ni mtoto wa Lubumbashi, amezaliwa 1978. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya 2006, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na mabwana wa Union Minière. Akawakata, akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines aliyoyapiga yeye mwenyewe kwa rangi. Babu wa kijivu amesimama mbele ya kiwanda chenye kutu. Hakuna damu, hakuna anayelia. Lakini ukiitazama unajiuliza: huyu alifanya kazi hapa, na mali ilikwenda wapi? Picha moja ina mahali pamoja na nyakati mbili. Ndiyo kazi ya sanaa hiyo, kukulazimisha uulize swali lenye jibu. Na kituo alichokianzisha pamoja na wenzake kule Lubumbashi, kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa tangu 2008, kinaitwa nani? Kinaitwa Picha. Neno letu hilo.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya hapa hapa, si ya Ulaya. Sote tumekaa kwenye kile kiti cha mahojiano. Mnakumbuka maswali. Ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Walivaa nini? Kutoka nyumbani kwenu mpaka kanisani ni mwendo gani? Mlango ulikuwa wa rangi gani? Unajibu leo, na baada ya miezi unaulizwa tena, na ole wako tarehe isipofanana. Kuna jirani yangu alichomewa nyumba kweli. Majirani zake wa kule wako hapa, wanajua. Lakini siku ya mahojiano alionyesha picha ya nyumba inayowaka, picha aliyotumiwa na mtu aliyemwambia ni kijiji chao. Ofisa akaitafuta, akaikuta ilishatoka zamani, katika nchi nyingine. Faili likawekwa pembeni. Nyumba iliungua kweli, maneno yake yalikuwa ya kweli, picha ndiyo iliyomsaliti. Na aliyemtumia hakuwa adui. Alikuwa ndugu mwenye huruma na kidole chepesi.

Ndiyo maana nasema si mchezo. Kila picha ya uongo tunayoisukuma inamkuta mmoja wetu kwenye kile kiti. Dunia ikizoea kwamba picha za Kongo ni za kubahatisha, siku ukileta ya kweli utaambiwa: ninyi ni wale wale.

Wapo watakaosema: ukiandika mahali na jina, unawaweka watu hatarini. Hoja hii naiheshimu, maana tunajua simu inavyokaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Basi tofautisheni. Jina la aliye hai na bado yuko kule, usiliandike. Uso wake, ufunike. Kijiji kikiwa kidogo mno, andika eneo. Lakini wewe mwenyewe weka yote katika daftari, kwa kalamu, mahali salama: nani, wapi, lini, nani alikuambia. Kumficha shahidi ni hekima. Kutomjua kabisa ni uzembe.

Na wapo watakaosema watu hawasomi maneno, wanataka picha tu. Si kweli. Februari 2024 kule Abidjan, kwenye nusu fainali ya Kombe la Afrika, wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walisimama mkono mmoja mdomoni, vidole viwili kwenye panja kama bunduki. Dunia iliiona. Hakukuwa na maiti hata moja. Ilikuwa na siku, uwanja, sura zinazojulikana na maana iliyo wazi. Kila aliyeuliza "wanasema nini hao?" aliweza kujibiwa.

Kwa hiyo natoa ombi, na likiwaumiza liite amri. Kuanzia leo, kabla ya kutuma, tafuta mambo manne: wapi, lini, nani aliipiga, na wewe umeipata kwa nani. Ikikosa mahali na tarehe, usitume, hata kama imekutoa machozi. Machozi yako ni ya kweli, lakini hayathibitishi shimo. Viongozi wa makundi, mwenye kuleta picha tupu muulizeni mbele ya watu: "Yaya, hii ni wapi?" Asipojua, ifutwe. Walimu, wafundisheni watoto tofauti ya kobalti na koltani, ya Kolwezi na Rubaya, kabla TikTok haijawafundisha vinginevyo. Na wewe mwenye picha yako mwenyewe uliyovuka nayo mpaka, ile unayoijua mpaka rangi ya mlango, iandikie maneno yake usiku huu, mwanga wa sola ukiwa bado upo.