NYUMBA NA MALEZI: Themanini Ndogo, Hamsini Kubwa

Juma hili tumo katika daftari la hesabu. Binti yetu wa darasa la tano aliulizwa kipi chenye kasi zaidi: kinachokwenda sentimita 80 kwa sekunde au kinachokwenda kilomita 50 kwa saa. Alijibu upesi kuwa ni cha kwanza, maadamu 80 ni nyingi kuliko 50. Mwalimu akaitia alama ya kosa, nasi tukaketi naye baada ya chakula cha mchana.

Namba mbili hazilinganishwi mpaka ziwe katika kipimo kimoja. Mita moja ni sentimita 100; basi sentimita 80 kwa sekunde ni mita 0.8. Zidisha kwa 60, upate mita 48 kwa dakika. Zidisha tena kwa 60, upate mita 2,880 kwa saa, yaani kilomita 2.88 tu. Upande wa pili, kilomita 50 ni mita 50,000. Zigawe kwa sekunde 3,600 zilizomo katika saa moja, upate karibu mita 13.9 kwa sekunde. Ile hamsini ni zaidi ya mara 17 ya themanini.

Ili alielewe jambo hili kwa macho, tulitoka uani tukapima mita 4, mdogo wake akatembea huku tukitazama saa. Alitumia sekunde 5. Sentimita 400 kugawa kwa 5 ni 80 ile ile.

Hapo tulinyamaza. Mtoto huyo kila alasiri huvuka barabara kuu kwenda madrasa, na anayemshika mkono ni dada yake. Barabara ya upana wa mita 8 humchukua sekunde 10. Katika sekunde hizo, gari la kilomita 50 kwa saa hukata mita 139, kupita urefu wa uwanja wa mpira. Likiwa na mwendo wa 80 kwa saa, hukata mita 222. Na dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, gari la hamsini limekwisha kusogea karibu mita 14.

Basi gari tunaloliona "bado liko mbali" huenda liko karibu mno kwa miguu midogo. Tunawasihi wazazi wapime mwendo wa watoto wao, na wa wazee pia, kisha wahesabu upana wa barabara wanayoivuka. Wanaovuka pamoja wafuate mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na wavuke penye kivuko, magari yakiwa yamesimama.

Binti yetu amesahihisha daftari lake. Nasi tumesahihisha letu: tangu siku ile, mtu mzima ndiye anayewavusha.