Kolwezi: Mtoto akileta pesa, mzazi aulize

Kijana wa Kolwezi haamki siku moja akawa kuluna. Mara nyingi safari inaanzia kwenye mashimo ya kobalti: mtoto anaacha masomo, anaenda kuosha ama kubeba mawe, jioni analeta falanga nyumbani. Mama ananunua unga, wote wanakula. Hapo mtoto anajifunza kwamba mwenye pesa haulizwi kitu. Siku mawe yakikosekana, kundi la mtaani liko tayari kumpokea, na pesa inaendelea kuingia bila swali.

Si haki kuwalaumu wazazi peke yao. Zamani Gécamines ilimlipa baba mshahara na kuwasomesha watoto wake. Ilipoanguka miaka ya 1990, familia nyingi zilibaki na mashimo tu.

Lakini njia zipo. Tangu 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure. Sheria ya Madini ya 2018 inayataka makampuni ya uchimbaji yatoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na migodi. Wazee wa Manika na Dilala waulize: ni kiasi gani cha pesa hiyo kinawafundisha vijana useremala, ushonaji na ufundi wa magari?

Nyumbani nako, pesa isiyojulikana ilikotoka ikataliwe, hata siku sufuria ni tupu. Siku hiyo jirani akigawa unga wake, mzazi atapata nguvu ya kuuliza.