Sehemu ya 6: Kijana anataka kadi, na hela ya kikoba ni ileile

Najua niliahidi chakula cha mtoto wa miezi 6, tutarudi huko. Ila ujumbe umekuwa mwingi wa swali moja: "Nesi, kijana wangu anataka kadi ya kompyuta, mbona bei yake kama friji?"

Mtasema nesi na kompyuta wapi na wapi. Mimi naingilia pale hela inapotoka. Mama mmoja ameniandikia kwamba ya kadi itakopwa kwenye fungu la bima ya wadogo zake wawili, "tutarudisha mwezi ujao". Mama, malaria haisubiri mwezi ujao. Fungu hilo usiliguse, hata kijana akinuna wiki nzima. Tuongelee hela inayobaki.

Kadi ya grafiki, vijana wanaiita GPU, ndiyo inayochora picha kwenye skrini. Kwa kuandika kazi za chuo, kuangalia video na kujaza fomu za mkopo, haihitajiki kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kijana ni hili: unaitakia nini? Mwache ajibu mwenyewe, usimjibie.

Huyu wa mama yangu anahariri video za harusi, analipwa kidogokidogo, na usiku anacheza gemu. Duka limempa chaguo mbili, zote zimetumika: RTX 3060 ya Nvidia na RX 6600 ya AMD. Zote zilitoka 2021 kwa bei moja ya kiwandani, dola 329. Madukani siku hizi RX 6600 mara nyingi ndiyo nafuu.

3060 ina memori ya GB 12, RX 6600 ina GB 8. Kijana ataishikilia hiyo 12 kama hoja ya mwisho. Fikiria sufuria na moto. Memori ni sufuria. Ukipika wali wa watu watatu, sufuria ya watu hamsini haiivishi haraka. Kwenye gemu za skrini ya kawaida, ya 1080p, hizi mbili zinakaribiana sana. Kama ni gemu tu, chukua RX 6600 na usilaumiwe.

Kwenye kazi ndipo zinapoachana. Programu nyingi za kuhariri video na kuchora 3D zinaelewana vizuri zaidi na Nvidia, na hapo sufuria kubwa inapata cha kupika. Kijana anayelipwa kwa video, mimi ningemnunulia 3060. Lakini aoneshe kazi zilizolipwa, siyo "nitaanza". Na muwe macho: ipo 3060 nyingine ya GB 8, jina lilelile, ni dhaifu zaidi. Soma boksi na umwambie fundi aihakikishe kwenye kompyuta.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakwambii. 3060 inakula wati 170, RX 6600 wati 132. Tofauti ya wati 38, kwa saa 4 kila siku, ni kama uniti 4 na nusu kwa mwezi. Wanaojibana wasivuke uniti 75 wataziona kwenye LUKU. Kubwa zaidi ni pawasaplai. Watengenezaji wanashauri ya wati 550 kwa 3060 na 450 kwa RX 6600. Zile kompyuta nyembamba za ofisi zinazokuja mtumba mara nyingi zina chini ya 300, na kadi yenyewe inaweza isiingie ndani. Fundi akisema "tutaunganisha waya tu", mama, chukua mkoba wako uondoke. Waya uliozidiwa unayeyuka, na chumba hichohicho ndicho watoto wanalala. Bei ya pawasaplai nzuri iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Ikishindikana kununua vyote viwili, ni RX 6600, hata kwa mhariri wa harusi.

Kadi za mtumba nyingi zilichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Siyo lazima iwe mbovu. Ila iwashwe dukani, gemu icheze nusu saa mbele yenu, sikilizeni feni, nuseni kama kuna harufu ya kuungua. Muuzaji akikataa, rudini nyumbani na hela yenu. Waranti iwe kwenye risiti, maneno ya mdomo hayatoshi.

Na kwa kuwa mimi ni nesi wenu: kila dakika 20 kijana aangalie mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Macho ni yake, hayana mtumba.

Maswali ya uji wa miezi 6 niachieni hapo chini, Jumatano tunaanza.