Joto la Mwanga Hutoka Darini

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ni chache zinazowagharimu wenye nyumba kama ile isemayo kwamba mji huu una joto kali na kwamba, kwa sababu hiyo, nyumba ya kisasa isiyo na kiyoyozi haijakamilika. Imani hiyo husikika kwa wauza vifaa vya umeme, kwa mafundi, na zaidi kwa watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam wakaja na mazoea ya pwani, na kwa kurudiwarudiwa imefikia mahali ambapo hakuna anayeidai ushahidi. Ikidaiwa ushahidi, haina. Hali ya hewa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ya wastani, na sehemu kubwa ya joto linalowatoa watu jasho usiku katika vyumba vya mitaa ya Mwanga, Gungu na Katubuka haikuletwa na anga. Imejengwa, tena kwa fedha nyingi, na wenye nyumba wenyewe.

Kigoma iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo anayeitazama kwenye ramani tu hutarajia kukuta joto la Dar es Salaam. Anachosahau ni mwinuko: uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Mwanga imekaa juu zaidi, kwenye miinuko iliyo nyuma ya bandari. Kwa sehemu kubwa ya mwaka joto la mchana huwa kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi kufikia 20 au chini yake, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ilhali Dar es Salaam ya Februari huweza kupitisha usiku mzima bila kushuka chini ya 24. Ziwa lenyewe, ambalo kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470, hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na bahari, kwani maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole, na hivyo huuzuia mwambao usichemke mchana wala kuganda usiku. Mchana nchi kavu hupata moto kabla ya maji, hewa yake ikapanda, na upepo ukaingia kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, hewa iliyopoa ikateremka kutoka vilimani kuelekea majini. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, wanaotoka na taa jua likishazama, hawahitaji kufundishwa habari za upepo huo wa kupokezana. Wanaohitaji kufundishwa ni wachora ramani za nyumba.

Tatizo huanzia juu. Bati linalopigwa na jua la saa saba mchana huweza kuzidi nyuzi 60, na chini yake fundi hufunga jipsamu nyembamba isiyo na tabaka lolote la kuzuia joto, kisha huziba kingo zote za paa kwa mbao na kuzipaka rangi bila kuacha hata tundu moja la kutolea hewa. Nafasi iliyo kati ya bati na dari hugeuka tanuri. Jioni, wakati hewa ya nje imekwisha kupoa, dari hiyo huendelea kutoa joto kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kutoka kitu chenye moto hadi mwilini bila kuhitaji kwanza kuipasha hewa iliyo katikati, kama mtu anavyoota moto kwa mbali. Ndiyo maana aliyelala chumbani hutokwa na jasho saa nne ya usiku huku jirani yake aliyeketi nje akitafuta kitenge cha kujifunika. Mtindo ulioingia karibuni wa kuficha bati, ambao ukuta hupandishwa kuzunguka paa ili nyumba ionekane kama sanduku, umezidisha makosa kwa kufuta kabisa upenu uliokuwa ukizikinga kuta na madirisha dhidi ya jua na mvua.

Kosa la pili ni la mandhari. Ziwa liko magharibi mwa mji, na kila mwenye kiwanja cha mteremkoni hutaka sebule iangalie maji, jambo ambalo hawezi kulaumiwa kwalo. Lakini upande huohuo ndio unaopigwa na jua kuanzia saa nane hadi linapozama, wakati limeteremka chini kiasi kwamba hata upenu mrefu peke yake hauwezi kulizuia, na hapo ndipo huwekwa dirisha pana la aluminiamu lenye kioo tangu kiunoni hadi karibu na lenta. Kioo huruhusu mwanga wa jua kuingia, lakini huzuia joto linalorudishwa na sakafu na makochi lisitoke. Dirisha lenyewe ni la kusukuma, kwa hiyo hata likifunguliwa lote nusu yake hubaki imezibwa, na ukuta wa mkabala aghalabu hauna dirisha, kwa kuwa nyuma yake kuna stoo au choo. Upepo wa ziwa hufika mlangoni ukakosa pa kutokea. Nje, mwembe uliokuwa ukikiwekea kivuli kiwanja umekatwa ili kupisha pevingi, nazo pevingi hulinyonya jua mchana kutwa. Inashangaza kidogo katika mji ambao wageni wake wengi hupelekwa Ujiji kuonyeshwa mahali ambapo, kwa mapokeo, Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe.

Baada ya yote hayo hununuliwa kiyoyozi, mashine inayonyonya joto la chumbani na kulitupa nje kwa nguvu ya kompresa, na mwenye nyumba hujiona amepambana na hali ya hewa kumbe amepambana na paa lake. Hesabu yake haina siri. Mashine ya kawaida ya chumba kimoja hutumia karibu kilowati 1 kompresa inapozunguka, na kwa muda wa saa nane za usiku, hata ikiwa na vipindi vya kupumzika, hula uniti kama 5, ambazo kwa mwezi ni 150. Chini ya bei zilizowekwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asizidi 75 kwa mwezi. Kiyoyozi kimoja peke yake kinamaliza kiwango hicho mara mbili na kumsukuma kwenye bei ya kundi la T1, shilingi 292 kabla ya kodi, ambayo kwa uniti hizo 150 ni shilingi 43,800. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa saa zilezile haifikishi uniti 15 kwa mwezi. Feni haipunguzi joto la chumba, ni kweli, lakini huharakisha kukauka kwa jasho, na katika usiku ambao nje kuna nyuzi 21 hilo latosha, mradi dari isiwe tanuri.

Watetezi wa kiyoyozi wana hoja moja inayostahili kusikilizwa: madirisha hayawezi kulala wazi kwa sababu ya mbu na wezi. Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imeisumbua sana, na hakuna mwandishi mwenye akili atakayemshauri mzazi abadilishe jasho kwa homa. Hata hivyo, jibu la mbu ni wavu na jibu la mwizi ni nondo, na vyote viwili hupitisha upepo. Huko Mtwara watafiti walijenga vijijini nyumba 110 za majaribio zenye vyumba vya kulala ghorofani na kuta zenye wavu, kwa lengo la kupata kwa pamoja ubaridi na kinga dhidi ya mbu. Harare, jengo la ofisi la Eastgate, lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, hupozwa bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi, kwa kuingiza hewa baridi ya usiku ipoze zege litakalonyonya joto la mchana. Kwa Kigoma yenyewe ushahidi uko karibu zaidi: kituo cha reli kilichojengwa na Wajerumani, walioifikisha reli ziwani mwaka 1914, kina kuta nene na baraza zenye matao, na nyumba za zamani za Ujiji zina baraza mbele, ukumbi unaopenya katikati na uani nyuma, mpangilio unaoruhusu upepo kupita nyumba nzima. Vyumba vya nyumba hizo vilikuwa na giza na hapana haja ya kuvitamani, lakini aliyezijenga alijua jua liko upande gani.

Kuhusu kupasha nyumba joto, kazi ambayo baadhi ya viyoyozi vipya husifiwa kwayo, mwambao hauna haja nayo kabisa. Haja ipo kidogo huko Kasulu na Buhigwe, kwenye nyanda za juu, na huko hatari ni nyingine: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo humuua mtu usingizini. Blanketi la pili linatosha.

Viyoyozi vina mahali pake, katika chumba cha upasuaji, ghala la dawa na chumba cha mitambo ya mawasiliano, na nyumba iliyokwisha kujengwa vibaya inaweza kukihitaji kimoja baada ya paa lake kutobolewa matundu ya hewa, kuwekewa foili chini ya bati na miti kupandwa upande wa ziwa. Wanaouza mashine hawaanzi na matundu, kwa sababu matundu hayana faida dukani. Wala wenye nyumba za kupangisha hawana haraka nayo, kwani anayechagua bati na kuufuta upenu siye anayenunua umeme wa LUKU: mpangaji wa Mwanga huongezewa kodi kwa sababu chumba kina kiyoyozi, kisha kila mwezi hununua uniti za kuliondoa joto ambalo mwenye nyumba alilijenga.