Mtoto ni wa wote wawili, semeni mimbarani!

Haya wadau, leo mnivumilie, nina hasira kidogo. Kwetu ni Shinyanga, na kila likizo nikirudi wimbo ni uleule: akizaliwa mtoto mwenye ualbino, wa kwanza kuhojiwa ni mama. Eti katembea na mzungu, eti ukoo wao una laana. Baba anafunga virago, huyooo machimboni Geita, na ndugu zake wanamwunga mkono!

Sasa sikilizeni. Ualbino hurithiwa kwa wazazi WOTE WAWILI. Kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu, kwetu mara nyingi ile iitwayo OCA2, na yeye mwenyewe haonekani na chochote. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Yaani huyo baba anaikimbia damu yake mwenyewe.

Viongozi wetu wa dini, mnawakemea waganga, vizuri sana. Uongo kwamba viungo vya mtu huleta dhahabu na utajiri umeua. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino huko Bukombe, wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga, leo Geita. Lakini kumkemea mganga na kunyamaza kuhusu jeni ni kufyeka majani na kuacha mzizi. Mganga anauza alichokikuta mtaani: imani kwamba yule si mtoto wa kawaida wa baba na mama.

Na maandiko mnayo! Katika Yohana 9 Yesu anakataa kwamba kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi. Qur'an, Ar-Rum aya ya 22, inazihesabu rangi zetu kuwa ishara za Mungu.

Wengine watasema basi wachumba wapimwe jeni kabla ya ndoa, kama wanavyotakiwa kupima UKIMWI kwenye makanisa mengi. Hapana jamani! Hiyo ni kuwaambia ndugu zetu kwamba bora wasingezaliwa. Anayetaka kujua apime kwa hiari yake, na majibu ni siri yake na daktari, si ya kamati ya harusi wala ofisi ya parokia.

Ninachodai ni kidogo. Siku ya ubatizo au akika, padri na shehe waseme mbele ya ukoo mzima: mtoto huyu ni wa wote wawili. Dakika 1 tu, basi.

Nawasilisha.